Hukumu Kabla ya Kusikiliza

Karibu na Maktaba ya Jimbo la New South Wales, jijini Sydney, ipo sanamu ya shaba ya Shakespeare iliyozinduliwa mwaka 1926. Pamoja naye wamechongwa wahusika watano wa tamthilia zake: Falstaff, Romeo, Juliet, Portia na Othello. Portia ndiye mwanamke aliyejigeuza mwanasheria wa kiume akashinda kesi katika The Merchant of Venice. Aliyeshindwa kesi hiyo, Myahudi Shylock, hayumo. Mchongaji hakuwa na nafasi ya kuwaweka wote, wala hatuna sababu ya kumlaumu. Hata hivyo, pengo hilo linafanana na namna wengi wetu tulivyofundishwa kusoma fasihi: tunamkumbuka mshindi pamoja na funzo la ushindi wake, na mwenye kauli ya upande wa pili tunamwacha nje.

Kwa familia za Waswahili wanaoishi Sydney, jambo hili liko karibu kuliko linavyoonekana. Katika jimbo hilo Kiingereza ndilo somo pekee la lazima kwa mwanafunzi anayetaka cheti cha kuhitimu sekondari, na orodha ya vitabu teule iliyoanza kutahiniwa mwaka 2019 iliijumuisha tamthilia hii. Mzazi aliyesoma Tanzania huenda akaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Basi yawezekana nyumba moja ikawa na wasomaji wawili wa kazi moja kwa lugha mbili, na bado wasiweze kuizungumzia. Mzazi atauliza, “Tunapata funzo gani?” Mwanawe atajibu kwa istilahi za mtihani: sitiari, kinaya, tajiriba ya binadamu. Kila mmoja ataona mwenzake hajui kusoma, ilhali wote wawili wameingia kitabuni na swali lililotayarishwa kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa.

Hapa ndipo linapozuka swali la kimaadili. Je, tuna haki ya kuchuma funzo kutoka kwa mhusika ambaye hatujamsikiliza?

Tuitazame kesi yenyewe. Shylock anakopesha dukati 3,000 kwa miezi mitatu, kwa sharti kwamba deni lisipolipwa atakata ratili ya nyama katika mwili wa Antonio. Muda unapita, deni halijalipwa, naye anakuja mahakamani akinoa kisu. Msomaji mwenye haraka amekwisha kupata funzo lake: uchu wa mali huua utu, na huruma ni bora kuliko sheria. Lakini tamthilia imesema mengi zaidi ya hayo. Kabla mkopo haujatolewa, Shylock anamkumbusha Antonio kwamba alimtemea mate na kumwita mbwa; naye Antonio hakanushi, bali anasema yu tayari kumtendea vivyo hivyo tena. Binti yake anatoroka na Mkristo akichukua fedha na vito vya baba. Na kesi inapokwisha, walewale walioisifu huruma wanamlazimisha mzee huyo kuiacha dini yake. Anayeshikilia kwamba funzo ni huruma tu hana budi kuiruka sehemu hiyo, maana inamuuliza: huruma ya nani, na kwa nani?

Jina alilolichagua Nyerere linatufundisha jambo hapa. Kwa Kiingereza, mfanyabiashara anayetajwa ni mmoja. Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliandika mabepari, kwa wingi. Waweza kulisoma jina hilo kama hukumu iliyotolewa mapema. Lakini waweza pia kulisoma kama mlango: ikiwa mabepari ni wengi, basi Shylock si mshtakiwa pekee. Antonio mwenye merikebu naye aingie kizimbani, na Bassanio anayekwenda kuposa kwa fedha za mkopo, na mji mzima unaoishi kwa biashara. Jina lilelile humfunga macho msomaji mmoja na kumfumbua mwingine. Tofauti haimo katika neno, imo katika subira ya msomaji.

Wapo watakaopinga kwamba fasihi yetu tangu jadi ni ya mawaidha, na kwamba kuitafutia funzo ni kuipa haki yake. Watautaja Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858. Hoja hiyo ina uzito. Ila tukumbuke kwamba utendi huo ni maneno ya mama mgonjwa kwa binti yake. Ukichukua orodha ya mawaidha peke yake, utabaki na kanuni ambazo leo wengine watazikubali na wengine watazikataa. Utakuwa umempoteza mama anayehofia kwamba hatakuwapo, na bila ya hofu hiyo huwezi kujua kwa nini wosia ulihitaji kuwa shairi. Hata palipo na funzo waziwazi, lina msemaji, na msemaji huyo anastahili kusikilizwa.

Kusikiliza si kusamehe. Kisu cha Shylock ni kisu, na anayemwelewa hajalazimika kumtetea. Hukumu ina wakati wake, nao ni baada ya shahidi wa mwisho. Pengine njia nyepesi ya kuanza ni ile ya zamani: kusoma kwa sauti, mzazi akachukua maneno ya Shylock kwa Kiswahili, mwanawe ya Portia kwa Kiingereza, kisha wakabadilishana. Ni vigumu kumfupisha mtu ambaye umekwisha kumpa pumzi zako.

Wanaoishi ugenini wanajua uchungu wa kufupishwa: kuulizwa umetoka wapi, kisha jibu lako likachukuliwa kuwa habari yako yote. Haifai wao wenyewe wamtendee hivyo mtu mwingine, hata kama mtu huyo yumo kitabuni tu.