Kawaida Si Uzima: Nani Hasa Ni "Mgonjwa wa Akili"?



Kuna maswali mawili vijana huniuliza sana baada ya jumuiya au mazoezi ya kwaya. La kwanza: "Frateri, mtu akipata sonona, ina maana imani yake imepungua?" La pili: "Yule chizi wa stendi ana dhambi gani?" Ukiyachimba unakuta swali moja chini yake: kiakili, mtu wa kawaida ni yupi? Tusipolijibu vizuri tutawaumiza watu huku tukidhani tunawaombea. Basi tupime vipimo vyetu.

Kipimo cha kwanza ni wingi: wa kawaida ni yule anayefanana na wengi. Haya, tushuke ziwani, Liuli au Mbamba Bay. Kichocho mnakifahamu. Katika jamii nyingi za Afrika zinazoishi kando ya maji, kijana kukojoa damu kulichukuliwa kuwa hatua ya kukua tu, kwa kuwa wengi walikojoa damu. Lakini wingi wao haukuigeuza damu ile kuwa afya. Vivyo hivyo, pale ambapo wanaume wengi wanaanza pombe asubuhi, mlevi ndiye wa kawaida na anayekataa ndiye wa ajabu. Kawaida inatuonyesha kilicho kingi. Haituonyeshi kilicho chema.

Kipimo cha pili ni sauti ya wenye nguvu. Jirani zetu Kenya walikuwa na daktari wa kikoloni, J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo! Mwaka uliofuata aliandika kuhusu Mau Mau kana kwamba watu kudai ardhi yao ni tatizo la kisaikolojia. Na tusisahau Bwana wetu mwenyewe: katika Marko 3:21 ndugu zake walikwenda kumkamata, maana watu walisema amerukwa na akili. Kwa hiyo jamii kukuita kichaa si ushahidi kwamba unaumwa.

Kipimo cha tatu ndicho tunachokikimbilia sisi watu wa dini: pepo. Kule Mahenge, mkoa wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwe alianza kutibu wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wametengwa, wengine wana makovu ya kuangukia moto, na watu wanaogopa kuwagusa. Akaanzisha kliniki na kuwapa vidonge vya kumeza kila siku, na wengi wakapata nafuu. Miaka mingi baadaye watafiti wakaona uhusiano kati ya kifafa cha eneo lile na minyoo ya usubi, inayoenezwa na nzi wadogo wa mitoni. Fikiria ni wangapi walikuwa wamehukumiwa kwa kosa la nzi!

Najua kuna mtu atasema: "Frateri, kwa hiyo pepo hawapo?" Sikusema hivyo. Ila Katekisimu yenyewe, namba 1673, inasema magonjwa, hasa ya kisaikolojia, ni jambo jingine kabisa na ni kazi ya sayansi ya tiba. Kabla ya kupunga pepo lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa.

Basi tupime kwa nini? Lugha yetu inatusaidia. Tunasalimiana "U mzima?", na neno hilohilo lina maana ya aliye hai, mwenye afya, na asiyepungukiwa kitu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba roho na mwili ni mtu mmoja, si vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Mtu anaumwa pale uzima wake huo mmoja unapozuiwa: hawezi tena kufikiri sawasawa, kulala, kufanya kazi, kupenda, kuchagua kwa uhuru.

Ndiyo maana huzuni peke yake si ugonjwa. Mkulima wa kahawa wa Mbinga ambaye bei imemwangusha ana haki ya kuhuzunika, na mjane ana haki ya kulia. Lakini wiki mbili zikipita na zaidi, hali haibadiliki, hali chakula, haendi shambani, anaona afadhali afe, huyo anahitaji tiba, na haraka. Na kwa kuwa uhuru wake umepungua, lawama nayo inapungua. Katekisimu namba 2282 na 2283 inasema hivyo hata kuhusu anayejiua, na inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake. Kilichopungua ni uhuru. Sura ya Mungu iko palepale, hata kwa yule wa stendi.

Someni 1 Wafalme 19. Elia, nabii mkubwa, anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu afe. Mungu hamwambii "imani yako ndogo." Anamwacha alale, anamtuma malaika na mkate na maji, halafu analala tena na kulishwa tena. Mazungumzo yanakuja baadaye.

Na sisi tufanye hivyo. Jimbo letu lina hospitali Litembo, na sijasikia mtu aliyevunjika mguu akiambiwa achague kati ya rozari na hogo. Anapewa vyote viwili. Rafiki yako akikuambia hataki kuishi, usimpe hotuba. Kaa naye, usimwache peke yake, msindikize hospitali au kituo cha afya, na usali njiani. Na kama ni wewe unayeumwa, mwambie mtu leo. Kwenda kwa daktari si kumkana Mungu.

Mungu awabariki.