Samadi Mbichi Huunguza Mizizi



Kijana mwenzangu, leo tutafakari Lk 13:6-9, ule mfano wa mtini usiozaa tunaousikia Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C. Mwenye shamba amefuata matunda miaka mitatu, hakuna kitu. Anasema ukatwe. Mtunza shamba anauombea mwaka mmoja tu: atauchimbia pembeni, atautilia samadi, halafu ndipo waamue.

Zamani nilidhani kutia samadi ni kazi rahisi. Likizo iliyopita niliunguza mkarafuu wa mjomba wangu kule Matombo, ndipo nikaelewa.

Wanaoijua Matombo, mteremko wa mashariki wa milima ya Uluguru, wanajua karafuu ni ada ya shule, ni bati la nyumba. Mkarafuu mmoja wa mjomba ulikuwa umedumaa, nami nikajitolea kuusaidia. Nikabeba madebe mawili ya samadi ya kuku, imetoka bandani asubuhi ileile, nikairundika yote kwenye shina. Nilijisikia fundi kweli! Baada ya wiki mbili majani yakaanza kukauka kuanzia kwenye ncha.

Mjomba hakufoka. Aliuliza swali moja tu: "Mjomba, hiyo samadi ya lini?"

Nina shahada ya falsafa, nimezoea kuuliza asili ya vitu, lakini hilo sikuwahi kujiuliza. Akanieleza huku akiiondoa samadi kwa mikono. Samadi mbichi ina ukali, inaunguza mizizi. Iache miezi kadhaa ioze, ipoe, isiwe na harufu kali. Tena mti hauli kwa shina. Mizizi midogo inayonyonya chakula iko mbali na shina, hasa pale kivuli cha majani kinapoishia, tena iko juujuu. Kwa hiyo unachimba mfereji wa duara, wa kina kifupi ili usiikate, unatia samadi iliyoiva, unafukia, unatandaza majani makavu bila kuyagusisha shina. Majani yanatunza unyevu, nyungunyungu wanakuja, udongo unalainika. "Ukilisha udongo," alisema, "udongo utalisha mti."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa namfikiria mdogo wangu.

Tangu mama afariki, mdogo wangu ameacha kwenda Misa. Anaendesha bodaboda, pombe nayo imeingia. Siku ya pili tu ya likizo nilimkalisha chini mbele ya ndugu, nikamwaga yote: amri za Mungu, dhambi ya mauti, aibu anayomletea marehemu. Kila nililosema lilikuwa kweli. Hakujibu. Asubuhi alishaondoka kwenda Morogoro mjini, na simu zangu hapokei.

Jamani, ile ilikuwa samadi mbichi. Ukweli ule ulikuwa wa moto kwa hasira yangu mwenyewe, nikaurundika kwenye shina. Mahali anapoumia, kwenye mizizi midogo, sikufika. Sikumuuliza hata mara moja, "Unamkumbuka mama?"

Matombo wana kumbukumbu chungu ya jambo hili. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha watu wa Uluguru kukata matuta ya ngazi milimani. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini udongo wenye rutuba kule ni tabaka jembamba. Kukata ngazi kulifukia ule mzuri na kuleta juu ule usio na chakula. Watu walitoka jasho kwa amri, na mazao hayakuwa mazuri. Mwaka 1955 walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baadaye mpango ukaachwa. Nia njema isiyousikiliza udongo inaweza kuua.

Sasa usinielewe vibaya. Mtunza shamba wa Injili hakusema "uacheni tu, utajirekebisha". Aliomba mwaka mmoja, na mwaka una mwisho. Huruma yake ina jembe mkononi na magoti yenye matope. Na kabla hujamfikiria mwenzako, kumbuka kwamba wewe na mimi pia ni ule mti. Kristo anatuzunguka kila siku akitafuta mahali pa kuchimba. Kitubio ni kukubali udongo ufunguliwe. Usiogope jembe lake, halikati mizizi.

Wiki hii mchague mtu mmoja uliyekwisha kumkatia tamaa. Kabla ya kumwambia ukweli, uache upoe katika sala. Halafu mwendee kwa pembeni: msalimie, mtembelee, msikilize.

Mimi nimemtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti. Sikuhubiri. Nimemwomba msamaha, nikamwambia namkumbuka mama na uji wake wa asubuhi. Tiki zimegeuka bluu, jibu bado. Mkarafuu nao, mjomba anasema, haujafa; tusubiri mvua.

Tusali: Bwana Yesu, mtunza shamba wetu, asante kwa mwaka huu uliotuombea. Poza maneno yetu kabla hayajawafikia wenzetu. Chimba palipo pagumu ndani yetu, ututie uhai wako, tuzae. Amina.