Kusema kwa Niaba ya Wengine

Mjumbe hauawi, kwa kuwa maneno aliyoyabeba si yake. Hoja hiyo inamfaa tarishi, na kwa kiasi fulani inamfaa wakili. Mbunge haimfai, na maisha ya Meyer London yanaonyesha sababu. Myahudi huyu alizaliwa mwaka 1871 katika Lithuania iliyotawaliwa na Urusi, akahamia New York mwaka 1891, akawa wakili mwaka 1898. Alitetea vyama vya wafanyakazi wa Lower East Side, na katika mgomo mkubwa wa washona makoti wa mwaka 1910 ndiye aliyekuwa mwanasheria wao. Yeye alijenga hoja. Madai yalikuwa ya wagomaji.

Mwaka 1914 mtaa huohuo ukamchagua kuwa mbunge wa Chama cha Kisoshalisti, na hapo kazi ikageuka. Aprili 1917 alikuwa mmoja wa wabunge 50 waliopinga Marekani kuingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka uliofuata, sheria ya uchochezi iliyofanya maneno dhidi ya serikali kuwa jinai ilipita kwa kura 293 kwa moja. Hiyo moja ilikuwa yake. Hata hivyo, vita vilipokwisha kutangazwa hakutaka kuvihujumu, na wasoshalisti wenye msimamo mkali wakamshutumu. Alikataa pia kuwasilisha azimio la Wazayuni, akawaudhi Wayahudi wengi jimboni.

Atauliza mtu: huo si ujeuri? Wakili anayempuuza mteja hufukuzwa. Kweli, lakini mteja huwa na kauli moja, ilhali jimbo lina maelfu wanaovutana. Tena wengi wa aliowasemea hawakuwa na kura kabisa: wahamiaji ambao hawajapata uraia, na wanawake, ambao New York iliwapa kura mwaka 1917 tu. Angemtii nani? Ilimbidi apime mwenyewe, na aliyepima mwenyewe hawezi kujificha nyuma ya waliomtuma. Uhuru wake ulikuwa halali kwa sababu aliweza kuondolewa. Mwaka 1918 aliondolewa, ingawa hukumu hiyo haikuwa safi sana, maana vyama viwili vikubwa viliungana nyuma ya mgombea mmoja, Henry Goldfogle, ili kumshinda. Mwaka 1920 wapiga kura walimrudisha. Mwaka 1922, mipaka ya jimbo ikiwa imechorwa upya, akashindwa tena na kurejea kwenye uwakili.