Kabla Hujabadilisha Sili

Kijana wangu, sili za mbele za pikapu unayoitengeneza zimevuja tena, na tayari umeshamtuma mtu dukani akanunue nyingine. Kaa kwanza. Sina tena nguvu za kubishana na mtu, na haya nimeyasema gereji baada ya gereji mpaka sauti imekauka. Lakini gari hilo hupakia watu na mizigo kutoka Lushoto kwenda Mombo, na barabara ile unaijua ilivyo. Kwa hiyo nitayasema tena, nawe nisikilize mpaka mwisho.

Sili ni mpira wenye mdomo, na nyuma ya mdomo kuna kaspringi kembamba kanakoukaza ushike shafti. Ikivuja wiki chache tu baada ya kufungwa, usiulaumu mpira kabla hujajua nani anauonea.

Hizi Land Cruiser za mfululizo wa 70, zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, zina ekseli nzima mbele. Kila mwisho wa ekseli kuna tufe la chuma, na nako, yaani nyumba ya chuma inayobeba gurudumu, hugeuka juu ya tufe hilo ukikata usukani. Mle ndani mna sivii jointi iliyozama kwenye grisi nyeusi. Kati ya grisi hiyo na oili ya difu kuna sili moja tu, iliyojificha mdomoni mwa mrija wa ekseli. Nje, nyuma ya tufe, kuna sili nyingine ya mpira na sufi, ambayo kazi yake ni kulifuta tufe. Watu wakiona oili inatiririka kwenye tufe hubadilisha hii ya nje, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Masikini, haina kosa. Iliwekwa izuie grisi nzito na vumbi, haikuwekwa izuie oili nyepesi. Ya ndani ikichoka, oili ya difu huvuka, grisi inageuka mchuzi, na mchuzi hutafuta njia mpaka uipate.

Utando mwembamba wa grisi nyeusi juu ya tufe usikutishe; huo ni wa kawaida. Kitu cha kutisha ni oili inayodondoka, yenye ile harufu kali ya kibiriti, huku ukifungua difu unakuta kiwango kimeshuka.

Sasa lala chini ya gari uangalie juu ya difu. Kuna tundu la kupumulia, kadude kadogo ambako hakuna anayekakumbuka. Difu ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka na lazima itoke. Tundu likiwa limezibwa na tope la masika, au nyigu wamejenga humo, hewa itatokea kwenye midomo ya sili na kuisukuma oili mbele yake. Kisha gari lile lenye moto linaingia mtoni, chuma kinapoa ghafla, na ekseli inavuta ndani maji kupitia midomo ileile. Ukifungua ukakuta grisi imekuwa ya kijivu na imevimba kwa maji, ujue kisa chote ndicho hicho. Unaweza kufunga sili bora kuliko zote nchini. Kama tundu limeziba, zitavuja. Lisafishe mpaka lipitishe hewa, na ukiweza lifungie mpira mrefu upande juu hadi kwenye injini, mbali na maji.

Halafu inua gari uliweke juu ya stendi. Jeki peke yake haimlindi mtu, na matofali ndiyo kabisa usiyaguse, nakusihi. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, shida iko kwenye beringi za gurudumu. Ukibaki, basi beringi za kingipini, zile zinazoishika nako juu na chini ya tufe, zimekwisha, na hapo nako haikai tena katikati. Shafti huegemea upande mmoja wa sili na kuutafuna mdomo wake. Mafundi wengi hurudisha beringi hizo zilivyo kwa sababu bado zinazunguka. Zipapase kwa kidole: ukihisi vishimo, hazifai. Na zile shimu, visahani vyembamba vya chuma vilivyo juu na chini ya nako, usizichanganye. Kila moja irudi upande wake, maana ndizo zinazoiweka nako mahali pake.

Ukichomoa shafti, pitisha ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa ukikaa. Kama umechimba mfereji, sili mpya haitadumu hapo, hata ikiwa halisi. Shafti itengenezwe au ibadilishwe. Najua ni gharama, na najua mwenye gari atanuna. Mweleze kwa upole, umwonyeshe kwa macho yake.

Kufunga ndiko kunakohitaji subira, na hapo ndipo vijana mnaponiumiza moyo. Sili haipigwi kwa bisibisi upande mmoja. Tafuta kipande cha bomba kinachoenea ukingo wake wote, uigonge taratibu iingie sawasawa. Paka grisi kwenye mdomo. Wakati wa kurudisha shafti, ibebe kwa mikono miwili mpaka meno yake yaingie kwenye difu. Ukiiacha ilalie sili, uzito wake unakunja mdomo au kuchomoa ile springi, na kazi ya siku nzima imeharibika kabla gari halijashuka kwenye stendi. Tufe nalo lisugue litoke kutu yote, kwa sababu kutu hukwaruza sili ya nje. Sivii jointi ioshe kwa dizeli, uikaushe, uishindilie grisi ya moli mpaka itokeze upande wa pili. Ndani ya nako jaza robo tatu tu, uache nafasi.

Nati nne za mkono wa usukani, chini ya nako, zina washa za koni. Zikilegea, stadi hukatika, na usukani unabaki mkononi mwa dereva bila gurudumu la kuuitikia. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Na pedi za breki. Zimelowa oili, nawe unataka kuzichoma kwa moto zikauke. Usifanye hivyo. Oili imeshaingia ndani ya pedi. Ukianza kuteremka na breki zikapata moto, itachuruzika tena juu ya diski, na gari litavuta upande mmoja penye kona. Badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya mbele, kushoto na kulia, usafishe diski kwa kisafishio cha breki.

Difu ijazwe oili 80W-90 mpaka usawa wa tundu, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Likishatembea siku chache lirudishe hapa, tuzikaze tena zile nati nne na kupapasa chini ya tufe kama kuna unyevu. Sasa mpigie simu yule uliyemtuma dukani. Mwambie aongeze beringi za kingipini na pedi, na mwenye gari asipewe ufunguo kabla hivyo havijafungwa.