Kumtoa Mpangaji Dukani

 

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja wa hapa pwani afanyaye biashara Webuye. Amekodi duka kwa maneno ya mdomo tangu kabla kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kufungwa mwaka 2009. Mwenye duka amefariki, na wanawe walioko Mombasa wamempelekea ujumbe wa simu: atoke kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo watatia kufuli lao. Hoja yao ni kwamba mali ni yao, wameirithi.

Twasema: mali ni yao, hapana shaka. Lakini arithiye kitu hukirithi pamoja na haki za watu zilizomo. Katika madhhab yetu ya Imamu Shafii, ijara haivunjiki kwa kufa mmoja wa waliopatana. Mahanafi wasema huvunjika; ila warithi hawa hatujapata kuwajua kuwa Mahanafi mpaka siku walipotaka kumtoa mtu dukani.

Ni kweli kwamba ijara ya kila mwezi kwa kadhaa, pasipo kutajwa muda wote, ina kasoro kwa wanavyuoni wetu, kwani muda haujulikani. Yule mzee wa Madyan aliyemwajiri Nabii Musa (a.s.), kama tusomavyo katika Suratul Qasas, alitaja miaka minane kabla ya kazi kuanza, na miwili ya hiari. Sisi twamweka mtu dukani miaka na miaka bila karatasi, kisha twashangaa kwamba pana ugomvi! Lakini kasoro hiyo ni ya wote wawili, haimpi mmoja ruhusa ya kumdhulumu mwenziwe. Na wanavyuoni wametufundisha kwamba jambo lililojulikana kwa ada ya wafanya biashara ni kama sharti lililotajwa.

Na la kujulikana lipo. Kenya ina sheria ya mwaka 1965 juu ya kupangisha maduka, mahoteli na nyumba za vyakula. Yamhifadhi mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na mwenye maandishi ya muda usiozidi miaka mitano. Notisi ya kumtoa yataka iwe kwa fomu iliyowekwa na sheria, itaje sababu, nayo haiwi na nguvu ila baada ya miezi miwili au zaidi tangu alipoipokea. Sababu zenyewe zimehesabiwa: kama kodi iliyochelewa miezi miwili, au mwenye duka kukusudia kulibomoa na kulijenga upya, au kulitumia mwenyewe. Mpangaji hujibu katika mwezi mmoja kama akubali au la; akikataa, hulipeleka shauri mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku ya notisi kufika. Hata kupandisha kodi kwataka notisi kama hiyo, basi asidhani mtu kwamba ataingilia mlango wa nyuma.

Miezi miwili si mingi. Muuza duka ana bidhaa alizokopa na madeni yaliyo mikononi mwa wateja. Akitolewa kwa siku kumi, hasara yawafikia na wale waliomkopesha, ambao hawana neno na warithi. Na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Tena kiwanda kilipofungwa na fedha zikapungua mjini, marehemu alikuwa akiipokea kodi ya mtu huyu kwa shukrani.

Mpangaji naye asifurahi mno. Wako waendao Barazani ili wakae bure. Kodi ni deni kila mwezi. Mwenye duka akikataa kuipokea, na iwekwe kando, ni amana. Na ahamaye usiku akaacha funguo kwa jirani, naye amevunja ahadi aliyoamrishwa kuitimiza mwanzoni mwa Suratul Maida.

Ndugu yetu na awajibu warithi kwa maandishi, ijapokuwa ujumbe ule si notisi, na azihifadhi stakabadhi zake. Wakitia kufuli, aende Barazani siku ile ile. Nao wakilitaka duka kweli, waandike notisi kwa fomu yake na sababu ya kweli. Kuandika kwamba watajenga, hali wamekwisha kumwahidi mwingine mwenye kilemba kikubwa zaidi, ni ushahidi wa uwongo waliotia sahihi wenyewe.

Wallahu aalam.