Vumbi la Ungo

Kisa hiki ni cha kutunga, ila wauguzi wa wodi za saratani za watoto hawatakiona kigeni.

Bibi wa kisa chetu ni wa Chemba, mkoani Dodoma, na sumukuvu anaijua. Mwaka 2016 ilipoingia kwenye mahindi ya Dodoma na Manyara, ilizika watu 20. Tangu hapo punje yenye ukungu haiingii kinuni kwake. Mjukuu wake wa miaka saba, mgonjwa wa saratani ya damu, alipoletwa kupumzika baada ya kemo, bibi alizidisha uangalifu: maji ya kuchemsha, mboga zilizoiva sawasawa, sahani na kikombe cha mtoto peke yake. Na kila asubuhi alitandika mkeka uani, akapukuchua, akapepeta, akachambua punje moja moja, mtoto kakaa ubavuni pake anamsaidia.

Alilinda mdomo wa mjukuu, pua akaisahau.

Ukungu unaoacha sumu kwenye mahindi, Aspergillus flavus, na ndugu yake Aspergillus fumigatus, hutoa vijimbegu vyepesi mno. Vya huyo wa pili upana wake ni sehemu mbili au tatu tu kati ya elfu za milimita. Hupaa na pumba, majani makavu na samadi, vikavutwa hadi ndani kabisa ya mapafu. Sote tunavivuta kila siku, na chembe nyeupe za damu, hasa neutrofili, huviua kabla havijaleta madhara. Kemo huziangusha chembe hizo. Zikishuka chini ya 500 katika maikrolita moja ya damu na kukaa huko siku kumi au zaidi, ukungu hupata pa kuota, na nyuzi zake hutoboa hata mishipa ya damu.

Mama hakuwa mzembe. Aliuliza hospitali mtoto ale nini, akajibiwa vizuri. Atakaa wapi, hilo halikuulizwa na upande wowote. Tena alipewa flukonazo, akaambiwa inazuia fangasi, akatulia. Ni kweli inazuia kandida, fangasi wa utando mweupe mdomoni, ambao pia huweza kuingia kwenye damu kupitia mpira wa dripu. Mbele ya Aspergillus haifui dafu.

Homa ilianza usiku, nyuzi 38.5. Panadol ikaishusha, wakangoja kuche, kisha wakangoja basi la kuwarudisha kwa daktari wao. Hapa lazima niwe mkali: mtoto wa kemo akipata homa hapelekwi kesho, wala hasubirishwi hospitali ya mbali, hupelekwa saa ileile kwenye hospitali iliyo karibu. Alipofika alipewa antibiotiki kali. Siku ya nne homa haijakata, kifua kinamuuma, ndipo picha ya CT ikaonyesha vinundu mapafuni. Akaanzishiwa vorikonazo. Kifua kilipona, polepole. Kemo ikasimama wiki sita kumsubiri, saratani haikumsubiri.

Dawa za kinga zilizo bora zaidi zipo. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2019 ulihusu watoto na vijana wenye saratani kali ya damu aina ya myeloidi: waliopata fangasi wa ndani ya mwili walikuwa asilimia 3.1 kwa waliopewa kaspofungini, na 7.2 kwa waliopewa flukonazo. Lakini kaspofungini hutolewa kwa dripu kila siku, na bei yake si ya kila familia. Kumlaza mtoto kwa shangazi asiye na mahindi uani, hiyo ni bure.

Wala wodi si salama kwa kuwa ni wodi tu. Ukuta ukibomolewa au dari ikifunguliwa, vumbi hutoka na ukungu uleule, na watoto wameshaugua kwa ukarabati wa namna hiyo katika hospitali kubwa za nje. Ndiyo maana vyumba vya kupandikizia uboho huchujwa hewa kwa vichujio vya HEPA, na maua ya chungu hayaingizwi humo. Mzazi akisikia nyundo chumba cha pili, aombe mtoto ahamishwe, mlango ufungwe, na fundi atundike turubai kabla hajavunja.