Mbio za Mtu Mzima

Katika wilaya ya Karagwe, na katika Kyerwa iliyogawanywa kutoka kwake mwaka 2012, njia ni za vilima. Mtoto wa huko hupanda na kushuka baina ya migomba na mibuni tangu mdogo, na akifika shule hukimbia mita mia mbele ya wenziwe. Akimaliza masomo, mbio humwishia hapo. Huwa mwalimu au karani wa halmashauri, huoa, huzaa, na kitambi humjia bila ya kubisha hodi. Kisha, naye amekwisha timiza miaka thalathini na mitano, hutakiwa watu wa kwenda kwenye michezo ya watumishi wa serikali za mitaa, iitwayo SHIMISEMITA, na riadha imo. Moyo humwambia, "Nenda." Jirani humwambia, "Mtu mzima wewe, una watoto, wataka kukimbia kama kijana? Huo ni utoto." Nani katika hawa wawili msema kweli?

Suala hili si la Kagera peke yake. Liko Lamu, liko Tanga, liko Unguja. Nalo kwa hakika si suala la miguu. Ni suala la mtu aliyepewa kitu, akaona kinaanza kumtoka: je, akishughulikie, au akiachilie mbali kwa kuwa mwisho wake ni kwisha?

Tuanze na jirani. Kama kukimbia ni utoto, basi atasemaje juu ya Mtume wetu (s.a.w.)? Imepokewa na Abu Daud kwamba safarini alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), Bibi Aisha akamshinda. Ukapita muda, Bibi Aisha akawa amenenepa, wakashindana tena. Mara hii Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa huku ni kulipana kwa kule. Na Mtume alipohamia Madina umri wake ulikuwa umeshapita miaka hamsini. Mbebaji wa ujumbe, kiongozi wa umma, mwenye nyumba na majukumu, hakuona haya kukimbia na mkewe. Wala hakununa aliposhindwa.

Tazama pia kisa cha ngamia wake Adhba, aliyekuwa hapitwi. Akaja Bedui juu ya ngamia kijana, akampita. Masahaba wakaona uchungu. Mtume akawafahamisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakiinuki kitu katika dunia hii ila hukishusha. Hili ndilo fundisho ambalo mkimbiaji wa miaka thalathini na ushei hulisoma kwa mwili wake. Nyama za miguu zinazotoa kasi ndizo zianzazo mapema kupungua, na mshipa wa nyuma ya paja, ambao zamani ulivumilia kila kitu, sasa hukatika kwa pupa ya siku moja. Qur'ani nayo imetueleza safari yetu: udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu na mvi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Basi huenda mtu akasema, "Ikiwa mwisho ni kushuka, faida gani kujisumbua?" Jawabu ni kuwa amana haibatiliki kwa sababu ina muda. Aliyeazimwa taa hadi alfajiri haivunji usiku kwa hoja kuwa asubuhi ataidai mwenyewe. Na afya ni taa ya kuazimwa. Tumehimizwa tuutumie ujana kabla ya uzee, na siha kabla ya maradhi, na tumeambiwa kuwa mwili una haki juu yetu.

Wala kushuka si kuporomoka. Linford Christie wa Uingereza alishinda mita 100 katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 akiwa na miaka 32. Kim Collins wa Saint Kitts na Nevis alizikimbia kwa sekunde 9.93 mwaka 2016, naye ana miaka 40. Hao kazi yao ilikuwa mbio. Karani wetu asijipime nao. Lakini mfano wao unatosha kuonyesha kuwa mlango haujafungwa kwa mtu wa miaka thalathini.

Na tuwe waangalifu tunapocheka. Speke, Mwingereza aliyefika Karagwe mwaka 1861 katika enzi ya Mukama Rumanyika, wakati wafanyabiashara wa pwani walipokuwa na kituo chao Kafuro, aliwakuta wake wa nyumba ya kifalme wamelishwa maziwa hata hawawezi kusimama wima, kwani unene ulikuwa ndio fahari. Sisi wa pwani je? Hatusemi "amenawiri" tukimwona mtu ahema kwa kupanda ngazi tatu? Fahari ya unene na fahari ya kasi, zote mbili ni fahari, na mwili si wa kujifaharishia.

Ndipo inapokuja kadiri. Mbio fupi, kwa rehema ya Mungu, hazidai siku zote za mtu. Siku mbili au tatu kwa juma zatosha: kuupasha mwili moto kwanza, kukimbia mara chache, na kupumzika hasa baina ya mbio na mbio. Vilima vya Karagwe na Kyerwa vyenyewe ni walimu, maana apandaye mlima hapati ile kasi kubwa inayokata mshipa. Salama bin Akwaa (r.a.), alipotaka kushindana na Ansari mmoja asiyepitwa, kwanza aliomba ruhusa kwa Mtume, kisha akajizuia kuhifadhi pumzi, mwisho akampita. Ruhusa kwanza, subira pili, kasi baadaye.

Mwenye kukimbia, basi, na achunge haya. Asile haki ya mke, watoto wala kazi. Asitiri uchi wake, kaptula ipite magoti. Asitie dau baina yake na wenziwe, mshindi akala mali ya mshindwa, kwani hiyo ni kamari. Na achunge moyo wake, ndio mgumu kuliko yote: kijana wa miaka ishirini akimpita, ampe mkono kwa furaha ya kweli, bila ya kusimulia alivyokuwa na kasi alipokuwa shule. Akiweza hilo, amepata kilicho bora kuliko kikombe.

Tukumbuke mwishowe kuwa tumekatazwa kukimbilia sala, hata ikiwa imekwisha kukimiwa. Tumeamrishwa twende kwa utulivu. Ajua kukimbia yule ajuaye pia pa kutembea. Mtu mzima akikimbia kwa kadiri, akisimama kwa adabu, na akishindwa bila ya chuki, huo si utoto. Utoto ni kudhani kuwa nguvu ni zetu.